Bi Aglaia, Msomaji wa Risiti

Wasikilizaji wapendwa, popote redio yenu ilipo asubuhi hii, juu ya jokofu au kando ya kikaango, naomba mnitegee sikio kwa dakika chache. Jumamosi iliyopita mji wetu wa Tecuci ulimpoteza Aglaia Murgoci. Alikuwa na umri wa miaka sabini na tisa. Moyo wake ulisimama akiwa jikoni kwake, ghorofa ya tatu, majengo ya nyuma ya kiwanda cha makopo. Jumatatu tumemzika.

Wengi wenu hamlijui jina hilo. Lakini nikiwaambia yule mama wa miwani yenye kamba, aliyekuwa akisimama mlangoni mwa duka kubwa karibu na stesheni, begi miguuni, risiti puani, akiisoma mstari kwa mstari, hapo mtamjua. Watoto walimwita Mama Risiti. Leo tunamkumbuka Mama Risiti.

Alizaliwa kijijini, binti wa seremala. Akaingia kiwandani akiwa na miaka kumi na tisa. Miaka thelathini na mmoja alikaa mwisho wa mkanda, makopo ya nyanya na pilipili yakipita mbele yake, kazi yake kuhakikisha karatasi ya nje inasema ukweli wa kilichomo ndani. Kopo lenye kosa likipita, jina lililoandikwa kwenye ripoti lilikuwa lake. Binti yake, Otilia, ameniambia hivi: “Mama hakuwa mchoyo. Alikuwa na hofu. Hata chumvi akinunua, alihisi kuna kitu kimempita.”

Mumewe, Sandu, alipofariki, hofu ile ilizidi. Pensheni ilikuwa moja, baridi ndefu, na bili ya gesi ya Januari ilimkosesha usingizi tangu Septemba. Basi akasoma risiti. Alisoma zake, akasoma za majirani. Na mara nyingi alikuta kosa. Maziwa yamepigwa mara mbili. Mfuko ambao hukuuchukua. Bei ya rafuni hivi, bei ya mashine vile. Alirudi kaunta, akadai, akalipwa. Watu walimcheka, lakini walimpelekea risiti zao.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, sikutaka kipindi hiki kiwe cha sifa tupu. Familia yenyewe imeniomba nisiwe na maneno matamu. “Simulia habari ya jibini,” Otilia aliniambia. “Mama angetaka isimuliwe.”

Basi habari ya jibini ni hii.

Ni miaka minane iliyopita, tarehe kumi na nne Novemba. Kesho yake mfungo wa Krismasi unaanza, siku arobaini bila nyama wala jibini, na mji mzima umekumbuka saa ileile kwamba haujala jibini la kutosha. Foleni imefika hadi kwenye sabuni. Bi Aglaia ana pakiti moja ya jibini la kondoo. Karatasi ya ofa ya duka inasema bei ni lei kumi na tisa. Anailipia, anasogea hatua mbili, anavaa miwani, anasoma. Lei ishirini na nne.

Keshia siku hiyo ni Zamfira Dogaru, umri miaka ishirini na saba, anamlea peke yake binti wa miaka sita.

“Wee binti, jibini hili umenipiga ishirini na nne. Karatasi yenu inasema kumi na tisa.”

Zamfira akainama, akasema kwa sauti ya chini, “Mama, naomba usogee pembeni kidogo. Nikimaliza hawa nakuja.”

“Nisogee? Nikisogea mnanisahau.”

Mwanamume mmoja nyuma akapaza sauti. “Bibi, tunazeeka huku!”

“Wewe ulishazeeka siku nyingi, Nelu. Tulia.”

Watu wakacheka. Kicheko kile kilimpa Bi Aglaia nguvu ambayo hakuihitaji. Alikuwa na njaa, joto la duka lilikuwa limempanda kichwani, na ndani ya mfuko wake mlikuwa na pesa za kumfikisha Alhamisi tu. Akainua risiti juu, foleni nzima iione.

“Angalieni risiti zenu, jamani! Huyu binti anatuibia!”

Neno likatoka. Na neno likitoka, wasikilizaji, halirudi kinywani.

Meneja akaja, Bwana Pralea, tai imenyooka, tabasamu liko tayari. Akaisoma risiti. Akafungua droo mwenyewe, akamrudishia Bi Aglaia lei tano mkononi, tena kwa heshima. “Kosa la mhudumu, mama yangu. Tutalishughulikia.”

Zamfira alifungua mdomo. Kisha akaufunga.

Bi Aglaia akaenda nyumbani na jibini lake. Otilia anakumbuka kwamba alipiga simu kusimulia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda. Lakini kabla ya kukata simu akauliza, “Hivi yule binti, kwa nini alifunga mdomo?”

Ijumaa akarudi dukani kununua kahawa. Kwenye kaunta ya Zamfira kulikuwa na keshia mwingine, mama wa makamo.

“Zamfira yuko wapi leo?”

Yule mama hakuinua macho. “Unamuuliza wewe? Si ndiwe uliyemfukuzisha.”

“Mimi?”

“Siku ileile. Alivua koti la kazi kabla hata hujafika kwako. Lei kumi na nane, bibi.”

Lei kumi na nane zilikuwa za kahawa. Kwenye karatasi ya ofa, kahawa ile ilikuwa kumi na tano.

Bi Aglaia alisimama palepale na risiti mkononi. Keshia ni mwingine. Kaunta ni ileile, lakini mtu ni mwingine, bidhaa nyingine, siku nyingine. Na kosa ni lilelile: ofa iko kwenye karatasi, haiko kwenye mashine. Keshia anapitisha tu pakiti juu ya kioo. Bei haiandiki yeye. Nani anaiandika?

Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliona kosa kwenye risiti, akanyamaza. Alitoka nje. 

Alipofika nyumbani alikimbilia lile kopo la biskuti alimotunza risiti zake. Za miaka miwili, zimepangwa kwa miezi, zimefungwa kwa uzi. Kama kosa lilikuwa la mashine, ushahidi ungekuwa humo. Lakini kopo lile lilikaa miaka yote juu ya bomba la kupashia nyumba joto, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Na risiti za siku hizi haziandikwi kwa wino. Zinachapwa kwa joto, na joto huzila.

Akafungua fungu la kwanza. Kijivu. La pili. Jeupe. Alizisogeza dirishani, akazielekeza kwenye mwanga, akavaa miwani, akavua. Miaka miwili ya kuhesabu, na hapakuwa na neno hata moja.

Veta, jirani yake wa mlango wa pili, alimkuta amekaa sakafuni katikati ya karatasi tupu. “Nilidhani ameanguka,” Veta ameniambia. “Nikamwuliza, shoga, umevunjika wapi? Akasema, nimemvunja mtoto wa watu.”

Jumapili baada ya ibada alikwenda kwa Zamfira. Alikuwa ameelekezwa nyumba, lakini alipita mlango ule mara tatu kabla ya kugonga. Mlango ulifunguka, ukafungwa. Akabaki anaongea na mbao.

“Binti, nimekuja kukuomba msamaha.”

“Msamaha hauliwi, bibi!”

“Najua. Basi niambie kinacholiwa.”

 Halafu Zamfira akafungua, mikono ina unga, macho mekundu. “Umekuja kukagua nini hapa? Kuna bei imekosewa? Ingia basi, soma! Soma na jokofu langu, ni fupi kuliko risiti yako!”

 Bi Aglaia alikubali kusimama pale aambiwe. Na Zamfira alimwambia yote. Kwamba alimweleza Bwana Pralea mara tatu kwamba ofa haziingizwi kwenye mashine. Mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa watashughulikia. Mara ya pili aliambiwa afanye kazi yake. Mara ya tatu aliambiwa kuna mabinti wengi Tecuci wanaotafuta kazi. Kisha ikaja siku ya jibini, na mbele ya foleni nzima mteja akasema neno wizi, na meneja akapata alichokihitaji: mtu wa kumbebesha kosa. Alimwekea karatasi mezani. Karatasi ilisema keshia amekiri uzembe. Akatia sahihi.

“Kwa nini ulitia sahihi, mwanangu?”

“Kwa sababu alisema nisipotia ataandika wizi. Na watu arobaini walishakusikia wewe ukisema.”

Ndani mtoto aliita, “Mama, ni nani?” Zamfira akajibu bila kugeuka, “Hakuna mtu.”

Bi Aglaia akauliza jambo moja tu: siku za kupinga kufukuzwa zimebaki ngapi? Zilikuwa zimebaki tisa. Siku tisa za kupeleka malalamiko, na hakuna hata karatasi moja ya kuyathibitisha.

Kidole kimoja hakivunji chawa, wasikilizaji wapendwa. Jioni ileile Bi Aglaia alianza kugonga milango ya jengo lake. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. “Mna risiti? Yoyote ya duka la stesheni. Hata iliyokunjwa. Hata yenye mafuta.” Watu walimpa kutoka mifukoni mwa makoti, kutoka mikobani, kutoka ndani ya Biblia zilikowekwa kama alama. Nelu, yule wa foleni, alimpa moja iliyokuwa na namba ya simu ya mwanamke nyuma yake, akamsihi airudishe kabla mkewe hajarudi kutoka Galați.

“Sasa unaokota takataka, shoga?” Veta alimtania.

“Naokota. Leta na zako.”

Risiti zikafika thelathini na saba. Za wiki nane, za makeshia watano tofauti. Lakini risiti peke yake inasema ulichotozwa. Haisemi ulichoahidiwa. Zilihitajika karatasi za ofa za wiki zile zilizopita, na nani anatunza karatasi ya ofa? Bi Aglaia hakulala siku mbili akiwaza hilo. Shinikizo la damu lilipanda. Otilia alimsihi kwa simu aache. “Mama, utakufa kwa ajili ya jibini.” Akajibiwa, “Nyamaza, nahesabu siku.” Zilikuwa zimebaki tano.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa Veta kuazima kitunguu. Veta akafungua stoo yake, yenye rafu zilizojaa mitungi midogo ya kioo ya mboga za kukaanga alizosindika tangu Septemba, na Bi Aglaia akapiga ukelele. Chini ya mitungi, kila rafu ilikuwa imetandikwa karatasi za rangi. Karatasi za ofa. Za duka la stesheni. Zina tarehe.

“Nilishusha mitungi sitini,” Veta anasema. “Sitini, na mgongo huu. Naye kila nikishusha mmoja ananiambia, polepole, usichane, usichane! Nikamwambia, Aglaia, huu mtungi ukidondoka nitakutoza bei kamili.”

Walizipanga mezani. Ofa upande huu, risiti upande ule. Jibini, kahawa, mafuta ya alizeti, mchele. Wiki baada ya wiki, keshia baada ya keshia. Kosa lilelile. Kesho yake wakazitoa nakala duka la vitabu, maana Bi Aglaia sasa aliogopa hata jua la dirishani, akazibeba kifuani, ndani ya koti, kama mtu aliyebeba kifaranga.

Zamfira alikubali kwenda naye Galați, makao makuu ya mkoa, kwa basi. Alikubali, lakini alikaa kiti cha mbele na Bi Aglaia cha nyuma, na hawakusemezana njia nzima. Kwanza waliwasilisha malalamiko ya kazi. Ilibaki siku moja. Kisha wakaenda ofisi ya kuwalinda wanunuzi, ambako ofisa mmoja mwanamke alifungua bahasha, akageuza kurasa kwa muda mrefu.

“Nani amezipanga hizi?”

“Mimi,” Bi Aglaia alisema. “Na mimi ndiye niliyemwita huyu binti mwizi. Andika na hilo.”

Baada ya hapo, kimya. Siku nne, siku saba, siku kumi. Bi Aglaia alishuka kwenye sanduku la barua mara tano kwa siku. Aliota kwamba nakala zote zimegeuka nyeupe. Aliacha kula, na Veta alimlazimisha supu kama mgonjwa. Kila alipopita karibu na duka alimwona Bwana Pralea kupitia kioo, tai imenyooka, na Bwana Pralea alimwinamishia kichwa kwa adabu. Adabu ile ilimtisha kuliko tusi.

Siku ya kumi na moja wakaguzi walikuja bila taarifa. Walichukua karatasi ya ofa ya wiki hiyo, wakajaza kitoroli, wakapanga foleni kama watu wengine. Bidhaa arobaini. Kumi na moja zilipigwa juu ya bei ya ofa. Walipotoa vitambulisho, keshia aliyekuwa kaunta, yule mama wa makamo, alianza kulia. Alikuwa na hakika amekwisha.

Bi Aglaia alikuwa mlangoni, mahali pake pa kila siku. Akaliacha begi lake, akapita katikati ya watu hadi kaunta, na kwa sauti ileile ya siku ya jibini akasema, “Jamani, nisikilizeni! Huyu haibi. Wala Zamfira hakuiba. Mimi nilisema uongo hapahapa mbele yenu. Bei hawaandiki wao!”

Safari hii hakuna aliyecheka. Mkaguzi mmoja akamwomba asogee. Akasogea.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, wasikilizaji. Duka lilitozwa faini. Bwana Pralea aliondoka kabla ya Krismasi, na lile duka nalo baadaye likauzwa. Karatasi ya uzembe ilifutwa, Zamfira akalipwa mishahara yake na kuitwa arudi kazini. Hakurudi. “Kila nikisikia ule mlio wa mashine, nalisikia tena lile neno,” aliniambia. Leo ni mpishi katika shule ya mtaani kwao.

Je, wakawa marafiki? Nilimwuliza Zamfira. Akajibu, “Si marafiki. Alikuwa anakuja tu.” Alikuja na mayai ya Pasaka. Alikuja na soksi za Ilinca, yule binti, ambaye sasa ana miaka kumi na minne na anamzidi mamake urefu. Alikaa ukingoni mwa kiti, koti mwilini, kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Na kila alipoondoka, mlangoni, aliuliza, “Umenisamehe?” Zamfira alijibu ndiyo. Wiki iliyofuata aliuliza tena. Miaka minane aliuliza.

Risiti aliendelea kusoma hadi wiki yake ya mwisho. Lakini akikuta kosa alingoja foleni iishe, akaenda kwa keshia na kumnong'oneza, “Binti, mashine yenu imekosea. Ulishawaambia? Uliwaambia kwa maandishi?” Na kama binti hakuwa ameandika, Mama Risiti alitoa kalamu.

Jumatatu, makaburini, upepo ulikuwa mkali. Otilia aligawa ngano ya marehemu, iliyochemshwa na kutiwa sukari, kwenye vikombe vya karatasi, na kila aliyepokea alisema yale tunayosema sote, Mungu amsamehe. Zamfira alipokea cha kwake, akasema, “Mungu amsamehe.” Halafu akabaki ameshika kijiko. Nilikuwa karibu, nikamsikia akimwambia Otilia, “Mimi nilimsamehe siku ileile kwenye basi, tunarudi. Nilimwambia. Hakuniamini hata mara moja.”

Otilia akamkumbatia. 

Kwa Otilia na wanawe, kwa Veta ambaye tangu Jumamosi anapika supu ya watu wawili, kwa jengo zima la nyuma ya kiwanda, na kwa Zamfira na Ilinca, ambao nao wamefiwa: poleni sana kutoka kwetu sote hapa studioni. Ardhi na iwe nyepesi juu yake.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, someni risiti zenu. Ni haki yenu na jasho lenu. Lakini mkikuta kosa, kabla ya kuinua sauti, mtazameni usoni yule aliye mbele yenu, mjiulize kama ni yeye aliyeliandika. Na kama kuna mtu mliyemwita jina baya mbele za watu, na mkagundua baadaye kwamba hakustahili, leo hii mjini humu anaishi bado. Mlango wake mnaujua.